Dereva wa Jumanne

Fundi alifika ofisi ya leseni na bahasha nene kuliko ya mtu yeyote kwenye foleni. Ndani yake mlikuwa na kibali cha ukaazi, leseni iliyokaribia kuisha, cheti cha kupimwa macho, barua ya mwajiri na tafsiri ya leseni ya kwao yenye mhuri wa mtafsiri. Wageni wenzake waliomtangulia katika nchi ile walikuwa wamemtia hofu: mgeni akikosa karatasi moja tu anaambiwa aje siku nyingine, na siku nyingine nayo ina karatasi yake. Kwa hiyo alibeba mpaka kadi ya chanjo.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza lifti, ndiyo maana wenzake, majirani na hata mkewe walimwita Fundi. Alikuwa mtu wa kukagua. Hakupanda lifti bila kusikiliza kwanza mlango unavyojifunga, na garini hakuwasha injini mpaka kila mtu awe amefunga mkanda, hata kama gari linasogezwa tu kupisha jirani. Mdogo wake alimtania kwamba siku moja atamfunga mkanda mgonjwa kitandani.

Karani alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imening'inia kifuani kwa mnyororo. Alipokea karatasi, akazipanga, akaanza kubofya kompyuta yake bila haraka. Kisha akaacha kubofya. Akavaa miwani. Akaitazama kompyuta, akamtazama Fundi, akaitazama tena kompyuta.

"Leseni hii haiwezi kuhuishwa leo," alisema.

"Imekosekana karatasi gani?"

"Karatasi zipo zote. Kuna kesi."

Fundi alidhani hakusikia vizuri. Lugha ya nchi ile aliijua ya kazini, ya nyaya na mota na breki. Ya maofisini ilimpiga chenga. Karani akarudia polepole, kama mtu anayemsomea mtoto. Mwezi uliopita, Jumanne asubuhi, gari la Fundi lilipita taa nyekundu kwenye kivuko cha waenda kwa miguu karibu na soko. Mzee mmoja aliyekuwa anavuka aliruka nyuma, akaanguka, akaumia mkono. Gari halikusimama. Kamera ilichukua namba. Barua ilitumwa kwenye anwani ya zamani, ikarudi.

"Haiwezekani. Jumanne asubuhi nakuwa kazini, na kazini naenda na gari la kampuni. Langu linabaki nyumbani."

"Basi siku hiyo lilikuwa na nani?"

Swali lile lilikuwa la kawaida, lakini Fundi aliona macho ya yule mama juu ya miwani, akaona tayari ameshahukumiwa. Akaona hata mlinzi wa mlangoni amegeuza shingo. Mgeni, akawaza. Wakiona jina refu wanajua pa kuanzia.

Karani alimpa fomu. Fundi alikuwa na muda mpaka wiki inayofuata kuchagua: akubali kosa, au aandike jina la mtu aliyekuwa anaendesha, kesi ihamie kwake na leseni ihuishwe. Akitaka kuona picha kwanza, aje kwa miadi.

"Jina moja tu," karani alisema, akimrudishia bahasha yake. "Nadhani unalijua."

*

Njiani Fundi alijaribu kuamini kwamba kuna mtu amebandika namba bandia zinazofanana na zake. Alilishikilia wazo hilo mpaka kwenye mzunguko wa barabara, likamponyoka. Ufunguo wa akiba ulikuwa unaning'inia jikoni, nyuma ya mlango, na nyumbani mlikuwa na watu watatu. Mmoja alikuwa yeye. Mwingine mkewe, ambaye hakuwahi kushika usukani maishani na hakuwa na hamu ya kuushika. Wa tatu alikuwa mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa amekuja kuishi nao tangu mwaka uliopita. Alikuwa mrefu hadi akaitwa Twiga. Alifanya kazi ya kufunga mizigo kwenye ghala la vitabu, zamu zake hazieleweki, na alikuwa anajifunza udereva. Kila jioni alikuwa na swali: kaka, ukipishana na gari la wagonjwa unafanyaje? Kaka, klachi unaiachiaje mlimani? Fundi alikuwa akimjibu kwa furaha. Sasa maswali yale yakaanza kumrudia yakiwa na sura nyingine.

Alipofika maegeshoni hakupanda juu. Alibaki kitini, akakagua kama anavyokagua lifti iliyokwama. Akakumbuka kwamba wiki kadhaa nyuma alikikuta kiti cha dereva kimesukumwa nyuma kabisa, mgongo wake umelala. Alidhani ni yeye mwenyewe. Lakini nani katika nyumba ile ana miguu ya kusukuma kiti mpaka mwisho?

Kesho yake, kabla ya gari la kampuni kumpitia, alichukua chaki ya kazini akachora mstari mwembamba kwenye tairi la nyuma, na mwingine sakafuni, ikakutana. Aliporudi mchana huo, tairi lilikuwa limesogea. Mstari wa tairi ulikuwa umegeukia ukutani.

Alipanda ngazi badala ya lifti, ili hasira ipungue. Haikupungua.

Mkewe alikuwa kwenye cherehani. Alikuwa akipunguza na kuongeza nguo za maharusi, na meza yake ilikuwa dirishani kwa ajili ya mwanga. Dirisha lile lilitazama maegesho.

"Nani amegusa gari?" Fundi aliuliza, viatu bado miguuni.

"Salamu haipo siku hizi?" Mkewe alitoa pini mdomoni. "Sijamwona mtu."

"Unakaa hapa kutwa, gari liko chini ya pua yako, hujamwona mtu?"

"Natazama sindano, mume wangu, sitazami matairi. Kuna nini?"

Akamweleza: kesi, taa nyekundu, mzee aliyeanguka. Mkewe akauacha mguu wake ukining'inia juu ya kanyagio. "Jumanne gani hiyo?" Alipotajiwa tarehe, akakunja uso. "Si ndiyo ile wiki uliyoitwa usiku kwenye lifti za hoteli? Mbona kama ulirudi siku ya pili asubuhi, na gari lako…"

"Hiyo ilikuwa wiki nyingine," Fundi alimkata. "Usinichanganye."

Mkewe alimtazama kidogo, kisha akarudisha pini mdomoni na kuinamia shela. Na Fundi, badala ya kufikiri juu ya maneno yale, alifikiri juu ya ule ukimya. Wanajua wote wawili, akajiambia. Twiga anafichiwa na shemeji yake. Alikumbuka vicheko vyao jikoni vinavyokatika yeye akiingia, na hakukumbuka kwamba mara nyingi walikuwa wanacheka jinsi anavyokagua jiko la gesi kabla ya kulala.

*

Twiga aliporudi alimkuta kaka yake amekaa mezani, ufunguo wa akiba umewekwa katikati ya meza peke yake.

"Kaa," Fundi alisema.

"Kuna msiba?"

"Utajua mwenyewe. Umeendesha gari langu?"

Twiga hakujibu mara moja, na kule kuchelewa ndiko kulikommaliza. Alimtupia shemeji yake jicho. Fundi aliliona jicho lile.

"Leo," Twiga alisema. "Nililisogeza. Gari la taka lilikuwa halipiti, mlinzi wa jengo anapiga kelele, shemeji alikuwa bafuni. Nimelisogeza kutoka pale mpaka pale ukutani. Sikuwasha hata redio."

"Huna leseni."

"Najua sina leseni! Ndiyo maana sikusema. Nilijua utanihutubia mpaka kesho."

"Na Jumanne ya mwezi uliopita ulilisogeza mpaka sokoni?"

Twiga hakuelewa. Alipoelezwa, alicheka kwanza, kicheko cha mtu anayedhani anataniwa. Halafu akaona hakuna anayecheka naye. "Kaka, unaniambia nimemwangusha mzee wa watu nikaondoka? Mimi?"

"Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma."

"Kiti?"

"Nyuma kabisa. Nani mwingine hapa ana magoti yanayofika dirishani?"

"Baba yangu weee," mkewe alisema, akaja kusimama kati yao. "Kiti unakisukuma mwenyewe, Fundi! Ukitoka kazini umechoka unajilaza humo garini kabla ya kupanda. Nakuona hapo dirishani. Hata chai yako naichelewesha makusudi."

"Si umesema hutazami matairi?"

Twiga alikuwa ameshasimama, na alipokuwa amesimama chumba kilionekana kidogo.

"Unajua kwamba mtihani wangu wa udereva ni mwezi ujao," alisema, sauti imeshuka. "Ukiandika jina langu pale, leseni sipati. Na kibali nacho watakiangalia upya. Unajua hayo yote."

"Ndiyo maana nakwambia useme ukweli mapema."

"Nimesema."

Alipakia nguo zake kwenye begi la mgongoni. Shemeji yake alimfuata mpaka kwenye lifti akimbembeleza, kisha ngazi za chini, kisha mlango wa nje, akarudi peke yake. Alipita mbele ya mumewe, akaenda kukaa kwenye cherehani, akashona mshono mmoja mrefu usio wa nguo yoyote.

*

Siku ya kurudisha fomu, Fundi aliitandaza kwenye meza ya jikoni. Alikuwa amejiandaa kwa hoja. Kama kijana hakufanya, atajitetea mwenyewe na atasafishwa. Kama amefanya, bora ajifunze mapema kuliko aje aue mtu. Zilikuwa hoja nzuri. Alikuwa amezirudia kwenye kila lifti aliyotengeneza wiki ile. Alikuwa ameandika herufi ya kwanza ya jina la mdogo wake pale mkewe alipoweka kiganja chake juu ya karatasi.

"Umeona picha?"

"Nikaone nini? Gari ni langu, mimi nilikuwa kazini."

"Wewe, mtu wa kukagua kila nati. Lifti ikikwama unamuuliza jirani sababu, au unafungua na kuangalia?"

"Miadi…"

"Miadi nimeshachukua. Saa nne. Vaa shati."

Karani alikuwa yule yule. Aliwapeleka kwenye chumba kidogo chenye meza, kompyuta moja na kalenda iliyobaki mwezi wa nyuma. Fundi alikuwa na fomu mkononi na kalamu mfukoni. Alisisitiza kusema, kabla ya chochote, kwamba anaijua haki yake na kwamba si kila mgeni ni mhalifu. Karani alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nimezaliwa ng'ambo," alisema tu. "Haya, tazama."

Picha ya kwanza, ya video, ilichukuliwa kutoka nyuma. Barabara ya soko, mwanga wa asubuhi, taa nyekundu. Magari mawili yamesimama kwenye njia ya kulia. Mzee mmoja anavuka, fimbo mkono mmoja, mfuko wa viazi mwingine. Njia ya kushoto gari la Fundi linakuja. Haliji kwa kasi. Hicho ndicho kilichomshangaza. Alikuwa amejiandaa kuona kijana anayekimbiza gari. Linakuja taratibu kama linasukumwa, halipungui wala haliongezeki, linapita kwenye mistari myeupe, na mzee anajirusha nyuma, anaketi chini kwa kishindo kisichosikika. Viazi vinabingirika. Taa za breki haziwaki hata mara moja.

"Mlevi," Fundi alinong'ona.

"Sasa mbele," karani akasema.

Kamera ya pili ilikuwa juu ya barabara, ikitazama vioo vya mbele. Karani aliisimamisha na kuivuta karibu. Nyuma ya usukani alikuwa mtu mwenye koti la njano la kampuni ya lifti, mkanda ameufunga vizuri, mikono yote miwili mahali pake. Kichwa chake kilikuwa kimeinama kidogo upande. Mdomo ulikuwa wazi. Macho yalikuwa yamefumbwa.

Mkewe alishika ukingo wa meza.

Fundi aliitazama sura ile muda mrefu, akitafuta ndani yake kitu cha mdogo wake. Walikuwa wanafanana, watu walisema hivyo tangu utoto. Kidevu, paji la uso. Picha ilikuwa na ukungu. Na hapo, akiwa na fomu mkononi yenye herufi moja iliyokwisha kuandikwa, akatambua kwamba bado anatafuta, kwamba kuna sehemu ndani yake inayotaka karani aseme: huyu si wewe, huyu ni kijana zaidi. Aibu ikamshika mpaka masikioni.

Zile lifti za hoteli zikamrudia. Mbili zilikufa pamoja, na msimamizi wake alimwita jioni akiwa ndiyo kwanza amemaliza zamu yake, akaenda na gari lake mwenyewe. Alikumbuka kisima cha lifti, nyaya, kahawa ya kopo. Alikumbuka kuwasha gari asubuhi. Kisha alikumbuka kuamka kitandani jioni, mkewe akimwuliza kama atakula. Katikati ya hayo hapakuwa na kitu. Barabara nzima, taa zake zote, hazikuwemo kichwani mwake.

"Ndiyo Jumanne niliyokwambia," mkewe alisema kwa sauti ndogo.

"Unamtambua huyu?" karani aliuliza.

"Ni mimi," Fundi alisema.

Karani alivua miwani. Labda alikuwa ametegemea jibu lingine. Watu wengi, alisema, hata wakijiona wanasema si wao. Akachukua ile fomu, akaona herufi iliyoandikwa, akaichana bila kuuliza ilikuwa mwanzo wa jina la nani.

*

Leseni haikuhuishwa. Alisimamishwa kuendesha mpaka msimu mwingine, akatozwa faini, akapangiwa darasa la usalama barabarani, pamoja na kikao ambacho aliyeumizwa ana haki ya kuhudhuria. Fundi aliomba Mungu mzee asije. Mzee alikuja.

Alikuwa mtu mfupi, bandeji bado kwenye kiwiko, amechomekea shati. Mwendesha kikao alimwuliza kama ana la kumwambia dereva. Mzee akamgeukia Fundi, akamkazia macho kama mtu anayepima kitambaa.

"Nina swali moja. Uliniona?"

Fundi alikuwa ameandaa maneno mengi ya kuomba radhi. Yote yalipotea. "Hapana, mzee wangu. Sikukuona kabisa. Nilikuwa nimelala."

Mzee alishusha pumzi. "Afadhali," alisema. "Mimi siku zote hizi nilidhani uliniona, ukaamua kuendelea. Kila gari likipita nilikuwa namtazama dereva usoni, nadhani ndiye. Hata jirani yangu nilimshuku, maana gari lake lina rangi hiyo hiyo. Sijamsalimia tangu siku ile." Akafikiri kidogo. "Itabidi nimsalimie sasa."

"Nisamehe, mzee."

"Ukichoka, lala. Barabara si kitanda."

Hakusema amemsamehe, na Fundi hakuuliza tena.

Wiki hiyo hiyo msimamizi wake alipiga simu jioni: lifti ya hospitali imekwama, aende. Fundi alimwambia ametoka zamu sasa hivi. Msimamizi akasema analijua hilo, lakini hakuna mwingine. Fundi akasema yupo mwingine, yule aliyepumzika mchana, na kama hayupo basi aajiriwe. Msimamizi akasema watazungumza kesho, kwa sauti ya mtu ambaye mazungumzo yake hayatakuwa matamu. Mkewe, aliyekuwa amesimamisha cherehani ili asikie vizuri, akaiwasha tena.

Ilibaki kazi ngumu zaidi. Jumamosi mchana, baada ya zamu, Fundi alipanda mabasi mawili mpaka mtaa ambao Twiga alikuwa amepanga chumba na mfanyakazi mwenzake. Alitembea akisoma namba za milango, akiwa bado amevaa lile koti la njano, maana alijua akipita kwanza nyumbani kubadilisha nguo hatatoka tena.

Twiga alifungua mlango, akajaza fremu yote. Hakusogea.

"Shemeji ameniambia," alisema.

"Najua amekwambia. Nimekuja niseme mimi. Hukuwa wewe. Nilikuwa mimi, usingizini. Na kabla sijaona picha nilikuwa nimeshaanza kuandika jina lako."

"Ulifika wapi?"

"Herufi ya kwanza."

"Shemeji asingekuzuia, ungemaliza?"

Fundi alitamani sana kusema hapana. Mwenzake Twiga alipita nyuma yao na taulo begani, akaona hali ya hewa, akarudi alikotoka.

"Ningemaliza," Fundi alisema.

Twiga aliangalia kando, taya zake zikicheza. "Umenilea wewe," alisema baadaye. "Nikikosa pa kwenda duniani, najua kuna kwako. Halafu unanipima kwa kiti cha gari."

"Ndiyo."

"Usiseme ndiyo tu. Jitetee kidogo basi, nigombane na wewe vizuri!"

"Sina la kujitetea."

Kidogo Twiga acheke, akajizuia. Akaegemea pembeni kuacha nafasi ya mtu kupita. "Mimi sirudi kule. Nimezoea hapa, na ghala ni karibu. Lakini ingia. Kaa pale, nichemshe chai."

Chumba kilikuwa na vitanda viwili na kiti kimoja. Juu ya kitanda kimoja kilikuwa wazi kitabu cha alama za barabarani, chenye mistari ya kalamu chini ya maneno. Fundi alikaa kwenye kiti, akaweka mikono magotini. Alisikia maji yakimiminwa, kijiko, mdogo wake akimwuliza kutoka jikoni kama siku hizi anaweka sukari. Alikusudia kujibu.

Twiga aliporudi na vikombe alimkuta ameinamisha kichwa upande, mdomo wazi. Kisha akaweka vikombe chini, akatoka nje kwenye varanda, akampigia shemeji yake.

"Yuko kwangu," alisema. "Amelala. Usimsubiri chakula, acha alale."